Kamera ya Urithi: Kwa Nini Mfuniko Haukufunguliwa Kwanza

Kamera ya mkanda ikitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, wengi huanza kwa kufungua mfuniko wa nyuma waone ndani. Hapo ndipo hasara inapotokea. Shata iliyokwama hutengenezwa, lenzi yenye fangasi husafishwa, betri hununuliwa. Mwanga ukishaingia kwenye mkanda hautoki. Kwa hiyo ukaguzi wa kamera ya urithi huanza na lile lisilorekebishika.

Iliyotufikia sisi ni Pentax K1000, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Shata yake huendeshwa na springi na gia. Betri moja ndogo ya LR44 inahudumia kipima mwanga tu. Ndiyo maana hata baada ya kukaa kabatini miaka mingi bila betri, ukivuta wenzo na kubonyeza, bado inalia.

Kaunta ilionyesha 22. Namba hiyo si ushahidi, kwani hupanda kila wenzo unapovutwa, mkanda uwemo usiwemo. Ushahidi uko kwenye kifundo cha kurudishia mkanda, juu upande wa kushoto. Tulikizungusha taratibu kufuata mshale wake. Kikaenda kidogo, kisha kikakaza. Mkanda umo.

Tukabonyeza kitufe cha chini kinachoachia gia, tukaurudisha mkanda polepole, maana mkanda wa zamani ukivutwa kwa pupa unaweza kukatika. Kifundo kilipokuwa chepesi ghafla, tukajua ncha imeachia na mkanda wote umeingia kwenye kopo lake. Ndipo tukafungua mfuniko.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa kusafisha mkanda wenyewe. Mkanda ulikuwa wa rangi, na dawa yake ya kawaida, C-41, huzalisha rangi katika matabaka kisha huyaondoa madini yote ya fedha. Mkanda ukizeeka, matabaka hayo hayachoki sawasawa, na rangi huenda kombo. Tulichagua dawa ya picha nyeusi na nyeupe, ambayo huiacha fedha yenyewe iwe picha. Rangi ilipotea moja kwa moja, na hilo lilijadiliwa na familia kabla ya dawa kumiminwa. Negativu zilitoka na ukungu wa kijivu, nyingine tupu kabisa, lakini zilizoshika zinaonyesha nyuso zinazotambulika. Kwa picha za familia, sura ina thamani kuliko rangi ya kanga.

Kazi iliyobaki ni ya fundi mvumilivu. Sponji za kuzuia mwanga zilikuwa zimegeuka utomvu unaonata. Tulizitoa kwa vijiti vya pamba na spiriti, mbali na pazia la shata, ambalo ni la kitambaa, kisha tukabandika mpya. Lenzi tuliimulika kwa tochi kutafuta nyuzi za fangasi. Kipima mwanga tulikijaribu kwenye jua kali la mchana: kwa mkanda wa ISO 200, tundu likiwa f/16 na shata 1/250, mshale unapaswa kukaa karibu na katikati.

Anayerithisha naye ana wajibu. Kabla ya kuikabidhi kamera, azungushe kifundo kile, aandike kwenye kikaratasi kama mkanda umo na ni wa aina gani, akibandike kwenye mfuniko. Anayepokea atajua pa kuanzia.