Pongezi kwa Mabawabu wa Mlimani

Tangu mwaka 1964, Chuo cha Dar es Salaam kilipohama jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikapanda kilima cha Ubungo, ndiko huko Mlimani, wamekuwako watu wasiotajwa siku ya mahafali, nao ni mabawabu. Na kwa kuwa mwivi wa chuoni aghalabu havunji mlango, bali hungoja kitambo kile kifupi mwanafunzi aachapo kompyuta yake mezani akaenda kutawadha, kazi yao kubwa si kumkamata mtu, ni kumnyima fursa.

Mtazame bawabu langoni wakati wa magharibi: gari lisimamapo humwamkia dereva kwa adabu, humwomba afungue buti, humulika kurunzi, na akiona projekta hudai hati ya ruhusa, akaisoma herufi kwa herufi na kunakili nambari daftarini, ndipo anyanyue kizuizi, hata akiwa aliyemo ni profesa. Wako wakerekao kwa ukawiaji huo. Mimi nauona kuwa ndio insafu yenyewe, maana mbele ya amana ya umma hapana mkubwa wala mdogo. Na usiku wa manane, wasomi walalapo, yeye huzunguka akijaribu vitasa vya maabara kimoja kimoja, kwa ujira ambao, kwa yakini, haulingani na dhamana aliyobebeshwa.

Basi, enyi wanafunzi, fungeni milango yenu, andikeni nambari za vyombo vyenu mahali pa salama, na bawabu akikudaini kitambulisho mpeni kwa bashasha. Nao wakuu wa vyuo wamwongezee ujira.