Nyumba ya Kazi na Nyumba ya Lupango: Msamiati kama Ushahidi wa Historia ya Makazi ya Wafanyakazi Katanga

Utangulizi

Historia ya majengo ya Katanga imeandikwa zaidi kwa kutazama kuta za wakubwa. Msomaji anayetafuta habari za Lubumbashi hukutana kwanza na kanisa kuu, jumba la mahakama na makazi ya wakuu wa serikali na wa makampuni. Majengo hayo hupewa picha, ramani na jina la msanifu. Nyumba ndogo ya mfanyakazi, ambayo ndiyo iliyolaza watu wengi zaidi, hutajwa kwa idadi na kwa safu, kana kwamba haina historia.

Makala haya yanatetea rai kwamba nyumba hiyo inayo hati yake, na hati hiyo ni msamiati wa Kiswahili cha Katanga. Maneno ambayo wanafunzi wetu hufundishwa kuyafuta kama makosa ndiyo yanayotuambia nani aliijenga nyumba, nani aliishi ndani yake, na nani aliweza kumtoa mwenzake humo. Tutayachunguza maneno matatu: kambi, boyerie na lupango.

Tunalitazama suala hili kutoka Kinkondja, mahali ambapo si mji wa migodi. Kinkondja iko kando ya Lualaba, karibu na Ziwa Kisale, katika nchi ya Waluba, ambako wavuvi hukaa hata juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Hata hivyo, reli ilifika Bukama mwaka 1918, ikaendelezwa kupitia Kamina hadi Ilebo kati ya 1923 na 1928. Samaki wa bonde la Upemba, pamoja na vijana wake, wakapata njia moja ya kuelekea penye mishahara. Kwa sababu hiyo Kinkondja inatupa kipimo kizuri: hapa mtu aliijua nyumba, njibo kwa Kiluba, kabla ya kupewa nyumba.

Kambi

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kiwanda chake cha kuyeyushia shaba mjini Lubumbashi kikaanza kazi mwaka 1911. Katika miaka ya mwanzo wanaume waliajiriwa kwa muda mfupi, wengi wao kwa mkono wa Bourse du Travail du Katanga iliyoanzishwa mwaka 1910. Walilazwa katika vibanda duni, na maradhi yaliwaua wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera yake. Ikaleta mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu na hata kuhimiza wake na watoto kuja, ikatoa posho, zahanati, shule na nyumba ya matofali.

Usanifu wa nyumba hizo ulikuwa mwepesi kueleza: vyumba vichache, ukuta wa tofali, paa jepesi, jiko nje, na nyumba kupangwa katika safu zilizonyooka zenye njia pana kati yake. Unyofu huo wa safu ulikuwa na sababu mbili. Kwanza, afya: hewa ipite na takataka zionekane. Pili, utawala: mkuu wa kambi aone nani yuko, nani hayuko, na nani amepokea mgeni.

Hapa ndipo neno linapozungumza kuliko tofali. Katika Kiswahili sanifu, kambi ni mahali pa kupita. Askari hupiga kambi, wasafiri hupiga kambi, kisha huondoka. Katanga neno hilo lilipewa mahali ambapo watu walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kuzaa wenyewe. Kampuni ilitaka mfanyakazi atulie, lakini haikutaka atulie kama mwenyeji. Kazi ilipokwisha, nyumba ilirudi kwa kampuni. Neno moja limeuhifadhi ukinzani huo wote, wakati kuta zenyewe, kwa uimara wake, zinauficha.

Wapo wazee wanaozisifu nyumba za kambi, na sifa hizo hazina budi kusikilizwa. Nyumba haikuvuja, posho ilifika, mtoto alitibiwa. Lakini mhakiki hatakiwi kuishia hapo. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga jina linalowataja wana wa Shaba waliotupwa na baba yao. Jina hilo linaonyesha jinsi kampuni ilivyokuwa imeshika nafasi ya baba, na mfanyakazi mzima kuwekwa katika nafasi ya mtoto. Mgomo wa Desemba 1941, uliozimwa kwa risasi mjini Élisabethville, ulionyesha kwamba baba huyo hakuvumilia kujibiwa. Nyumba ya kambi ilikuwa sehemu ya mshahara, na pia ilikuwa sehemu ya adhabu: aliyefukuzwa kazi alipoteza vyote viwili kwa siku moja.

Boyerie

Aina ya pili ya nyumba ilisimama nyuma ya nyumba nyingine. Katika mtaa wa Wazungu, mwisho wa ua, palijengwa chumba kimoja au viwili vya mtumishi wa nyumbani. Kifaransa cha Kongo kiliita mahali hapo boyerie, yaani mahali pa boi, na Kiswahili cha Katanga kikalipokea neno hilo.

Neno hili lisisomwe peke yake. Mbele ya nyumba ileile kulikuwa na kibaraza ambacho Wabelgiji walikiita barza. Neno hilo wamelichukua kutoka kwa Kiswahili chetu, baraza, mahali ambapo katika miji ya pwani mwenye nyumba hukaa na jirani na mpita njia. Basi katika kiwanja kimoja maneno mawili yalibadilishana mahali. Neno la Waswahili la ukarimu lilikwenda mbele, likawa kivuli cha bwana. Neno la bwana la utumishi lilikwenda nyuma, likawa anwani ya Mwafrika. Sidhani kama kuna ramani yoyote ya msanifu inayoueleza mpango wa nyumba ya kikoloni kwa ufupi na ukweli kiasi hicho.

Watumishi hao walijiandikia historia yao. Mwaka 1965 André Yav alitunga, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, maandishi ya Kiswahili cha Katanga yaliyopigwa chapa kwa taipureta na kuitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Johannes Fabian aliyahariri na kuyachapisha mwaka 1990. Wasomi wengi wameyatazama kama historia ya wanyonge, au kama mfano wa uandishi wa watu wasiofundishwa tahajia. Mitazamo yote miwili ina haki yake. Lakini jina lenyewe linatudai mtazamo mwingine. Kwa nini historia ya mji iitwe msamiati? Kwa maoni yetu, kwa sababu mtumishi aliujua mji kwa majina: majina ya mabwana, majina ya utani waliyopewa, majina ya kazi na ya mahali. Ramani haikuwa mikononi mwake. Maneno yalikuwa mikononi mwake.

Hata hivyo, kazi ya Yav ina upungufu ambao heshima isitufanye tuunyamazie. Mji wake ni mji wa wanaume. Bwana na boi wanaonekana waziwazi, lakini mwanamke aliyepika na kulea katika chumba kile cha nyuma yuko pembeni mno. Historia ya nyumba isiyomsikiliza aliyeshinda ndani yake mchana kutwa ni nusu historia. Upungufu huu ni wa kwetu pia, kwa kuwa sisi tuliosoma isimu tumekusanya msamiati wa kazini kuliko msamiati wa jikoni.

Lupango

Neno la tatu, lupango, ni kiwanja kilichozungushiwa ua, na lina ndugu zake katika Kibemba na Kiluba. Lilipata uzito katika mitaa iliyokuwa nje ya mamlaka ya kampuni. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliunda vituo vya wenyeji vilivyo nje ya utawala wa mila. Mwaka 1952 likaundwa shirika la Office des Cités Africaines la kujenga nyumba za Waafrika mijini. Katika miaka hiyo ya 1950 mitaa kama Katuba na Ruashi ikapanuka.

Kwenye lupango mfanyakazi aliweza kuwa msanifu. Vichuguu vikubwa vya Katanga vina udongo mzuri wa tofali. Mtu huchimba, hufinyanga kwa kalibu, hukausha, hupanga tanuru na kuchoma. Kisha hujenga chumba kimoja, na mwaka mwingine cha pili, kadiri mshahara unavyoruhusu. Nyumba ya namna hii haina uwiano wa safu za kambi, na anayeitazama kwa jicho la haraka huiita ovyo. Hukumu hiyo tunaipinga. Kila ukuta uliochelewa ni kumbukumbu ya mwezi ambao fedha ilikwenda shuleni au msibani. Mpango wake ni historia ya familia.

Ndani ya nyumba hizo, katika saloni, miaka ya 1970 zilitundikwa picha za wachoraji wa mjini: mambamuntu, mandhari ya kijiji, askari wa Koloni Belji akimchapa mfungwa. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, ndiye aliyejulikana zaidi kati yao. Wenye nyumba waliziita ukumbusho. Mfanyakazi ambaye hakupewa nafasi katika vitabu vya historia aliitundika historia kwenye ukuta alioujenga mwenyewe. Kwenye ukuta wa kampuni angeweza kutundika pia, lakini ukuta ule usingekwenda naye.

Tusiipambe lupango kupita kiasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, na raia hupewa haki ya kuitumia tu. Wengi hawana hata hati kamili. Lupango ni usalama, lakini ni usalama wa makaratasi.

Hitimisho

Tofauti kati ya nyumba ya kazi na nyumba ya lupango si ya kinadharia. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na Gécamines iliyoirithi ikaanguka vibaya katika miaka ya 1990. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Hapo ikajulikana nani alikuwa na nyumba na nani alikuwa amelala tu katika nyumba ya kazi. Kwa aliyetoka nchi ya maziwa, swali likawa kama kuna ua uliomsubiri Bukama au Kinkondja, au kama miaka 30 ya kambi ilikuwa imeufuta.

Kwa hiyo tunatoa rai mbili kwa wenzetu wa idara za Kiswahili. Kwanza, mwanafunzi anapoandika lupango au boyerie, asikatwe alama kabla ya kuulizwa neno hilo linataja nini ambacho kiwanja na chumba cha uani havikitaji. Usanifishaji ni kazi ya lazima, lakini usiwe kazi ya kuchoma hati. Pili, tasnifu za shahada ya kwanza zipelekwe kwa wanawake waliokaa kambini, kwenye reli na kwenye mitaa ya migodi, kukusanya majina ya sehemu za nyumba kama walivyoyatumia: penye maji, penye moto, penye kulala wageni. Wengi wao ni wazee sana. Kuta za kambi zinabomolewa na kuongezwa vyumba kila mwaka, na hilo ni haki ya wanaoishi humo. Maneno yakipotea kabla hatujayaandika, kosa litakuwa la idara zetu.