Ngumi na shavu katika fremu moja

Mwaka 1985 Jackie Chan alitoka na filamu mbili za kipolisi. The Protector iliongozwa na Mmarekani, James Glickenhaus. Police Story aliiongoza mwenyewe, nyumbani Hong Kong. Stelingi ni yuleyule, umri ni uleule, na kampuni ya Golden Harvest ina mkono wake katika zote mbili. Lakini ya kwanza imepoa tangu siku ile ilipotoka, na ya pili bado inamfanya mtu asogeze kiti karibu na skrini. Chan mwenyewe hakuridhika na The Protector, akaihariri upya kwa ajili ya watazamaji wa Hong Kong. Alijua tatizo lilikuwa wapi: kamera na mkasi wa mhariri.

Ujuzi huo hakuupata kwenye sinema. Alizaliwa mwaka 1954, na akiwa bado mtoto mdogo wazazi wake walimkabidhi kwa mwalimu Yu Jim-yuen, aliyekuwa na shule ya opera ya Peking. Huko alikaa miaka kama kumi akifundishwa sarakasi, kuimba na kutumia silaha, pamoja na wenzake kina Sammo Hung na Yuen Biao. Shule ilikuwa ya fimbo na njaa, na sioni sababu ya kuipamba. Ila opera ile ina jambo moja kubwa: mpiganaji hurusha mapigo kadhaa mfululizo, kisha anaganda, ngoma inalia, watu wanamwona vizuri alivyosimama, ndipo anaendelea. Tazama pambano lolote zuri la Chan ukihesabu kwa kidole mezani. Pigo, pigo, pigo, kutulia. Ule utulivu wa nusu sekunde ndio unaolipa jicho nafasi ya kuelewa nani kapigwa wapi.

Baada ya Bruce Lee kufariki mwaka 1973, watayarishaji walitafuta Bruce mwingine, na mwongozaji Lo Wei akajaribu kumfanya Chan awe huyo katika New Fist of Fury ya 1976. Haikwenda. Mwaka 1978 mwongozaji Yuen Woo-ping akamwachia awe yeye mwenyewe katika Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master: shujaa anayepigwa, anayeumia, anayekung'uta mkono baada ya kupiga kitu kigumu. Kuanzia hapo maumivu yakawa sehemu ya hadithi, na maumivu hayaaminiki usipoyaona yakitokea.

Sasa tuje kwenye mkato wenyewe. Waongozaji wengi wa Marekani humwonyesha anayepiga, wanakata, kisha wanamwonyesha aliyepigwa akianguka. Pigo lenyewe limepotea katikati, mtazamaji anaambiwa tu kwamba limetokea. Chan huweka ngumi na shavu katika fremu moja, kamera imetulia na iko mbali kidogo ili miguu ionekane. Akitaka kusogea karibu, hukata wakati pigo linafika, na picha ya pili huanza nyuma kidogo, fremu chache tu, kwa hiyo tukio linajirudia kwa muda mfupi mno kiasi kwamba jicho halistuki. Unachohisi ni uzito. Pigo moja umelipokea mara mbili bila kujua.

Katika pambano la mwisho la Police Story, ndani ya jengo la maduka, mbinu hiyo inafikishwa kileleni. Vioo vinavunjwa kwa wingi hata wafanyakazi wa filamu wakaibatiza Glass Story. Kisha Chan anaruka kutoka ghorofa ya juu, anaidaka nguzo ndefu iliyozungushiwa taa, anateremka nayo huku taa zikilipuka, anapasua paa la kioo chini na kutua sakafuni. Viganja viliungua, mgongo na nyonga vikaumia. Hapakuwa na mkato wa kumficha mtu mwingine, na ili kusiwe na shaka mruko huo unarudiwa mara tatu, kila mara kutoka pembe nyingine. Mhariri mwingine angesema kurudia kunavunja hadithi. Kweli kunaivunja, na naona alifanya sawasawa: kwa sekunde zile polisi wa kwenye hadithi ameondoka na tunamtazama binadamu anayeanguka.

Miaka miwili kabla, katika Project A, alikwishafanya hivyo alipojiachia kutoka mnara wa saa na kupasua vitambaa vya kivuli viwili. Wazo la saa linatoka kwa mchekeshaji Harold Lloyd wa Safety Last! ya 1923. Project A pia inamwonyesha Chan akianguka zaidi ya mara moja.

Ndiyo maana nahesabu hata vipande vya makosa vinavyopita na majina mwishoni kuwa sehemu ya uhariri wake. Aliviona vikitumika katika The Cannonball Run ya 1981, alimokuwa na nafasi ndogo, huko vikiwa vya kuchekesha. Yeye akavigeuza ushahidi. Katika Armour of God ya 1986, iliyopigwa Yugoslavia, tawi la mti alilolirukia lilivunjika, akaanguka na kupasuka fuvu. Kipande hicho hakukitupa. Kimo mwishoni mwa filamu, watu wakimkimbilia alipolala.