Ua la Jirani, Kanuni za Mbali

Kati ya mimea inayooteshwa ndani ya nyumba, ni michache iliyosafiri mbali kama ua dogo la milima ya Usambara ambalo Waingereza huliita urujuani wa Afrika. Sisi wa Bendera tunaiona milima hiyo ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Hata hivyo, mtu wa hapa akitaka kulitunza ua hilo chunguni, aghalabu ataangukia kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu wa London au Chicago. Nimesoma vitabu kadhaa vya aina hiyo, na ningependa kuvipima kama tulivyokuwa tukipima andalio la somo la mwanafunzi wa ualimu. Je, anakijua anachokifundisha? Na je, anayefundishwa ataelewa sababu, au atakariri tu?

Tuanze na jina. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alipeleka mmea huu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hanover, aliuita Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya ukoo huo, na la pili likimaanisha wenye maua kama urujuani. Urujuani wenyewe sio. Ni wa familia nyingine kabisa. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la ukoo limebaki kwenye kikundi kidogo ndani yake. Wajerumani angalau huliita urujuani wa Usambara. Jina la Kiingereza limefuta mlima na kuweka bara zima. Ajabu ni kwamba huyo Saint Paul-Illaire alikuwa amekwisha kutunga kitabu cha kufundishia Kiswahili, kilichotoka mwaka 1890. Lakini vitabu nilivyosoma havisemi Wasambaa wenyewe waliliitaje. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu ametunzwa ugenini, na kwao hata jina halikuulizwa.

Sasa tuje kwenye kanuni. Kwa haki ni lazima niseme kwamba nyingi ni sahihi. Usiliweke kwenye jua kali. Usimwagie maji ya baridi juu ya majani, kwa maana yatapata madoa. Udongo uwe mwepesi na upitishe maji, la sivyo shina litaoza. Hewa iwe na unyevu. Ukitaka mche mpya, kata jani pamoja na kikonyo chake, ukichomeke katika mchanga wenye unyevunyevu, na baada ya majuma kadhaa vitoto vitachipua chini yake. Haya yote ni kweli. Lakini yapange pamoja uyatazame: kivuli, unyevu, udongo kidogo wa majani yaliyooza, maji yanayopita bila kutuama. Hiyo ni picha ya jiwe la kando ya kijito, chini ya miti mikubwa ya msituni. Vitabu vinaieleza Usambara kurasa nzima bila kumwambia msomaji kwamba anaelezwa mahali.

Dosari hiyo si ndogo, kwa sababu kanuni isiyo na sababu haivuki mipaka. Chukua mfano wa dirisha. Mtu wa Ulaya huambiwa dirisha la kaskazini ni salama, kwa kuwa jua la adhuhuri halifiki huko. Sisi tuko kusini kidogo ya Ikweta. Kuanzia mwezi Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini. Anayefuata kanuni hiyo neno kwa neno hapa atayababua majani. Tena kitabu humwonya juu ya baridi ya usiku, ilhali adui wa Bendera ni joto la tambarare na upepo mkavu. Anayejua sababu hahitaji kutafuta dirisha. Ataweka chungu ndani, penye mwanga usio na jua, karibu na mtungi wa maji, juu ya sahani yenye kokoto na maji machache, chungu kisiguse maji.

Yupo atakayeuliza kwa nini tuhangaike, na maua haya yamejaa madukani duniani. Ndiyo, yamejaa. Lakini yale ya madukani ni kizazi kilichochaguliwa na kuchanganywa na wakulima wa maua, hasa tangu miaka ya 1920 huko Los Angeles. Maua ya mwituni yana aina zake, na baadhi ya aina hizo huota katika eneo dogo sana. Iko ya Mbololo katika milima ya Taita, Kenya, ambayo huwezi kuikuta Usambara. Miti iliyo juu ya jiwe ikikatwa, jua hulipiga jiwe, unyevu hukauka, na ua hufa bila mtu kuligusa. Wingi wa vyungu vya Chicago hauwezi kuirudisha aina iliyopotea hapo.

Ndiyo maana nasema vitabu hivi vimefaulu kufundisha matunzo na vimeshindwa kufundisha ua. Kanuni ya kwanza ya chungu, kwamba jua lisilipige, ndiyo kanuni ya kwanza ya msitu. Mtoto aliyeelezwa kwa nini chungu chake kikae kivulini ameelezwa pia kwa nini mti ulio juu ya jiwe usikatwe, na anayo milima miwili ya kutazamia, Upare nyuma yake na Usambara mbele. Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kusubiri kitabu kipya. Jani moja na kikonyo chake vinatosha kwa somo la muhula mzima.