Kiraka na tundu lake: juu ya kazi ya wanafunzi iliyoitwa «Velours ya Kasaï»

Kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka, wanafunzi wa coupe-couture wa shule moja ya mji wetu walitundika ukutani vipande kumi na viwili vya kitambaa, vilivyounganishwa kwa viraka na kupambwa kwa uzi. Juu yake waliandika: «Velours ya Kasaï, utajiri wa mababu». Watu walisifu sana. Sisi pia twasifu mikono ya hawa mabinti: mshono ni safi, pembe zinakutana. Lakini kazi ikibeba jina la desturi ya watu, ni haki kuuliza kama wanafunzi wamejifunza ile desturi, ao wamechukua sura yake tu.

Tukumbushe kidogo. Wakuba wa upande wa Mweka na Mushenge wanafuma kwa nyuzi za majani ya rafia. Wanaume ndio wanafuma, wanawake ndio wanapamba. Uzi wa rafia hauwezi kupita urefu wa jani lenyewe. Kwa hiyo kitambaa kinatoka kidogo, na nguo ya kuchezea ngoma, yenye metre kadhaa, ni vipande vingi vilivyoshonwa pamoja. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo ni kigumu sawa mkeka. Basi kinatwangwa ndani ya kinu mpaka kilegee, na hapo ndipo kinaweza kutoboka. Kwa maelezo yanayojulikana zaidi, kiraka kilianzia hapo: mama alifunika tundu, kisha akaongeza viraka vingine mahali pasipo na tundu, ili vyote viwe pambo moja. Kiraka bila tundu kipo, lakini kilikuja nyuma ya tundu. Wanafunzi wetu walianzia mwisho. Walinunua kikwembe kipya, kizima kabisa, wakabandika viraka juu yake.

Velours nayo ni hivi: mshonaji anapitisha uzi chini ya nyuzi chache za kitambaa, anavuta, anabakiza ncha fupi, anakata kwa kisu kidogo. Hakuna fundo hata moja. Ukazo wa kitambaa ndio unashika. Wala hakuna kuchora kwanza. Mama anaanza upande mmoja na kuendelea kwa kumbukumbu, na katikati ya kazi anaweza kuvunja mstari na kuanza mwingine. Kile ambacho mkaguzi wetu angekiita kosa, ndicho kinachofanya kitambaa kiwe hai. Ukutani tuliona kinyume chake: mapambo yaliyochorwa kwa rula na karatasi ya kaboni, toka picha ya kitabu, kushoto sawasawa na kuume, kisha kujazwa nyuzi za sufu.

Mtu atasema: watoto hawana rafia, hawana kinu, wako na saa mbili tu kwa juma. Ni kweli. Hatuwaombi rafia. Jan Vansina, mwanahistoria wa Wakuba, anasimulia kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Mashine haikumshangaza. Kilichomvuta ni alama za matairi mchangani, akaamuru zinakiliwe ziwe pambo. Namna gani basi binti wa hapa Katanga, anayeona kila siku alama za makamyo ya madini, apewe picha ya kunakili tu? Na mwalimu wa hesabu alikuwa wapi? Donald Crowe alionyesha katika 1971 kwamba katika sanaa ya Wakuba mnapatikana namna zote 7 za kurudia pambo kwenye utepe, na namna 12 kati ya 17 zinazowezekana kwenye uso mzima. Hilo ni somo la jeometria la miezi miwili, na lingefanyika kwa sindano.

Kipande kimoja tu kilitusimamisha, cha tisa. Msichana alitumia gunia la unga. Alilifua, akakuta matundu matatu ya panya, akayafunika kwa masalio ya kikwembe, kisha akaongeza viraka vingine kufuata njia ya yale matatu. Pambo lake linapinda sababu matundu yalipinda. Sidhani kwamba kuna aliyemfundisha Kikuba. Gunia lenyewe lilimfundisha.

Tena kuna jambo la mazishi, ambalo ukutani halikuandikwa hata kwa mstari mmoja. Kule kwa Wakuba, nguo ndefu inashonwa na wanawake wengi wa ukoo mmoja, inakaa mali ya ukoo, na maiti anavikwa ili azikwe nayo. Kwetu shuleni kila kipande kilikuwa na jina la mwanafunzi mmoja na pointi zake. Wavulana hawakugusa kitu: wao wako upande wa umeme na mekanike, ingawa kufuma ni kazi ya wanaume kule desturi ilikotoka.

Na neno «mababu»? Katika jimbo ambamo watu wa Kasaï walifukuzwa katika miaka ya 1992 na 1993, kuandika neno lile juu ya kitambaa cha Kasaï si kitu kidogo. Tunalipenda. Ndiyo maana tuliuliza kama kuna bibi mmoja wa asili ya Mweka aliyeitwa darasani kuonyesha mkono wake. Tulijibiwa kwamba programu haina nafasi kwa mtu asiye na diploma. Jibu lile linapaswa kubadilika mbele ya maonyesho mengine. Saa moja ya mama mmoja na kisu chake, wavulana na wasichana wakikaa pamoja kumzunguka, ingewapa zaidi kuliko ile picha ya kitabu.

Kile kipande cha gunia kilipewa 11 juu ya 20. Sababu iliyoandikwa nyuma yake: «mistari haiko sawa».