Wizi wa Mchana

LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, una aina moja ya swali ninayoipenda kupita zote. Unapewa hoja fupi, kisha unaulizwa: kati ya majibu matano, lipi, likichukuliwa kuwa kweli, litaidhoofisha zaidi? Mara nyingi hoja yenyewe inadai kwamba jambo fulani limesababisha jingine.

Tuseme mji umeweka taa barabarani. Mwaka uliofuata wizi wa usiku ukapungua kwa theluthi. Meya akatangaza kuwa taa zimewakomesha wezi.

Asiyezoea hukimbilia jibu linalosema taa ni ghali. Sawa, ni ghali, ila bei haihusiani na wizi. Mwingine huvutwa na jibu kwamba katika mitaa isiyowekwa taa wizi umeongezeka. Kumbe hilo linampa meya nguvu. Lakini katikati yao limejibanza hili: wizi wa mchana nao ulipungua kwa theluthi.

Litazame vizuri. Meya hajaitwa mwongo, na takwimu zake hazikuguswa. Wizi ulipungua kweli. Wala jibu halisemi kilichoupunguza ni nini. Pengine polisi waliongezwa, pengine vijana walipata ajira. Linakuachia ujiulize mwenyewe taa zina kazi gani saa sita mchana, na papo hapo fundo lililofunga taa na wizi linalegea. Halikufunguka. Huenda taa zilisaidia kidogo, na mtungaji wa swali analijua hilo, ndiyo maana ameomba hoja idhoofishwe tu. Huko kujua kiasi ndiko ninakokusifu kuliko chochote. Wengi huiita mitihani hii mitego. Mimi naiona ina adabu ya mabishano: unakubali kila alichokiona mwenzako, kisha unamshika pale alipotoka kwenye alichokiona akaingia kwenye anachodhani.

Mtungaji wa swali kama hili hatajwi popote. Maswali yake mapya hujaribiwa katika sehemu isiyohesabiwa alama, iliyochanganywa na nyingine za dakika 35, na mtahiniwa haambiwi ni ipi. Nadhani jasho lake kubwa huishia kwenye yale majibu manne mabaya, maana kila moja sharti livutie, na kila moja sharti liwe na kosa linaloweza kutajwa kwa sentensi moja.