Wapimaji wa Bonde la Rusizi

Kinama iko kaskazini mwa Bujumbura, upande ambao mji unafungukia bonde la Rusizi. Bonde hilo liliwasumbua sana wachora ramani, na kazi yao inastahili sifa zaidi kuliko inazopewa.

Wapelelezi Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 bila kuuona mdomo wa mto Rusizi. Swali likabaki wazi huko Ulaya: mto unaingia Ziwa Tanganyika, au unatoka humo kwenda Nili? Wenyeji walilijua jibu. Novemba 1871 wapelelezi Stanley na Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakajipenyeza kwenye matete mdomoni mwa mto, wakaona maji yanaingia ziwani. Nadharia kwamba Rusizi unatoka ziwani kwenda Nili ikaanguka. Shukrani ziwaendee pia wapiga makasia, kwani bila wao uthibitisho huo usingepatikana. Mwaka 1892 mpelelezi Oscar Baumann alivuka nyanda za juu za Burundi akitafuta chimbuko la Nili.

Leo kazi ya kuchora ramani iko mikononi mwa IGEBU, taasisi ya jiografia ya Burundi, ambayo pia hupima mvua na hali ya hewa. Kazi hiyo haijaisha: mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi ilipunguzwa ikawa 5. Kinama, iliyowahi kuwa tarafa inayojitegemea, sasa imo katika tarafa ya Ntahangwa, ndani ya mkoa mpya wa Bujumbura uliojumuisha mikoa ya zamani ya Bubanza na Cibitoke. Ramani nzuri ya mkoa huo huonyesha mipaka ya zamani chini ya mipya, kwa sababu hati za mashamba na vyeti vya kuzaliwa bado vina majina ya awali.